Mkanda wa Mlangoni kwa Bi Kidawa

Nyinyi vijana mnaoniamkia "shikamoo bibi" pale kwenye maduka ya mazulia Kariakoo, halafu nikishawapita mnacheka mwendo wangu, nawasikia. Masikio yangu hayajazeeka, yaliyozeeka ni magoti. Na haya magoti msiyacheke sana. Zulia la ukuta kwa ukuta halinyooshwi kwa mkono. Kuna chombo kina meno mbele na kimto nyuma, unayakita meno kwenye zulia, unakipiga kimto kwa goti, zulia linavutika mpaka ukutani. Goti hilo nimelipiga tangu mama zenu wanacheza mdako. Mazulia ya watu yamenyooka, mimi ndiyo nimepinda. Marahaba.

Shule nilifika darasa la nne tukaachana. Ilinichosha, na nadhani mimi niliichosha zaidi. Kazi niliianza na cherehani, barazani kwa muuza mazulia, napiga ukingo vile vipande vya kuwekwa miguuni pa kitanda. Fundi wa kutandika pale dukani alikuwa Mzee Pazi, mtu mwembamba kama ufagio na mkali kama pilipili kichaa. Siku moja msaidizi wake hakutokea. Mzee Pazi akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza kama naweza kubeba zulia mpaka ghorofa ya pili. Nikamwambia nimebeba mimba nne na zote zilikuwa zinanipiga mateke. Zulia limelala tu, litanishinda nini? Akacheka. Kwenye cherehani sikurudi tena.

Mzee Pazi alikuwa na neno lake moja. Katikati ya chumba, alisema, hata mlevi anaweza kutandika. Fundi anapimwa mlangoni.

Nalisema hili kwa sababu nawaona. Mkimaliza kazi mnapiga picha sebule, taa zimewashwa, sakafu inang'aa, mnaituma kwa wateja wengine. Picha ya mlangoni sijaiona hata moja. Mlangoni mnapaficha kwa kile kimkanda cha aluminiamu, mnakipiga skrubu, mnaondoka mbio kabla mwenye nyumba hajavua viatu. Mnajua wenyewe kwa nini mnakimbia.

Basi nisikilizeni. Mtu wa siku hizi anataka sebuleni lamineti, zile mbao nyembamba za kupachikana, chumbani zulia. Vizuri, hela ni zake. Lakini hivi vitu viwili havina tabia moja. Zulia ni mtu mpole, ukilivuta linakuja, ukilikunja linakunjika. Lamineti ni mama mkwe. Lina heshima zake na linataka nafasi. Masika ikiingia, huu unyevu wetu wa Dar unapenya kila mahali, lamineti linavimba kidogo, kiangazi linajirudi. Kwa hiyo pale mlangoni liachie upenyo, kama upana wa kidole chako kidogo, lipate pa kunyooshea miguu. Mkanda ndio unaofunika huo upenyo. Skrubu zinaingia kwenye sementi, ndani ya upenyo, siyo kwenye lamineti. Na gundi usiipeleke huko kabisa.

Kuna mmoja wenu, simtaji maana kaoa juzi tu, alilibana lamineti kwa gundi na skrubu kila upande kama mtu anayemfunga mwizi. Mvua zikaja. Sakafu ikainuka katikati kama mgongo wa paka aliyeona mbwa, na kila ukikanyaga inalia kwa, kwa, kwa. Mwenye nyumba akahamia kwa dada yake, anasema nyumba imeingiliwa. Walikuwa wamekwisha kusoma dua na kufukiza ubani pembe zote nilipoitwa. Nikaung'oa ule mkanda, nikakata lamineti kidogo mlangoni, sakafu ikashuka yenyewe ikalala. Mwenye nyumba akaniuliza nimesoma nini. Nikamwambia nimesoma mlango.

Lingine: mkanda ukae chini ya ubao wa mlango hasa, pale mlango unapofungwa. Aliye sebuleni aone lamineti tu, aliye chumbani aone zulia tu. Ukisogeza huku au kule, kila mtu atakaa anatazama ulimi wa sakafu ya jirani. Na mlango wenyewe ujaribu kabla hujaondoka. Zulia nene linaukamata. Wengine mnaliona hilo mkiwa mmeshajifungia ndani, mnaanza kumpigia mteja simu kutoka chumbani kwake.

Sasa nakuja kwenye lile ninalotaka mlijue. Yote hayo ya upenyo na skrubu mtayapata hata kwenye simu zenu. Hili la Bi Kidawa halimo humo.

Bi Kidawa alikuwa mama yake Shabani, mfanyabiashara wa vitenge hapa Kariakoo. Walikaa ghorofani, si mbali na Gerezani. Mama mtu mzima sana, mzaliwa wa mjini, mwenye sauti. Kiti chake kilikuwa sebuleni karibu na dirisha, na kwenye kiti hicho ndiko nyumba nzima ilikoendeshwa: nani ale nini, nani aolewe na nani, nani amenenepa, nani anadanganya. Wageni walipanda ngazi zile zote kwa ajili yake, siyo kwa ajili ya Shabani. Shabani akaona vigae vya zamani vinampa mama baridi ya miguu. Akamwekea zulia jipya chumbani, na sebuleni akapitisha lamineti juu ya vile vigae. Kazi hiyo hakunipa mimi. Alimpa kijana mmoja wa bei nzuri.

Tangu sakafu ile ilipokwisha, Bi Kidawa hakutoka tena chumbani. Chakula kinapelekwa huko huko. Maliwato anayo ndani. Wageni wakija anasema amelala. Wakimwomba aje sebuleni kwenye kiti chake anajibu hana hamu. Anaumwa? Haumwi. Amekasirika? Hakasiriki. Kiti kikabaki kitupu pale dirishani, na watoto wa nyumba ile wakaanza kuongea kwa sauti ya chini kama watu wenye msiba.

Sasa pwani mtu mzima akijifungia hivyo, watu hawatazami sakafu. Wanatazama roho. Wakasema amesusa. Na mtu mzima akisusa, dawa yake ni moja: waitwe wakubwa, wakae, aulizwe ubaya, aombwe radhi. Shabani akamwita mjomba wake, Mzee Salumu, mdogo wake Bi Kidawa, kutoka Kigamboni. Mzee huyo sifa yake ilikuwa kusuluhisha. Alikuwa anaweza kuongea kutoka adhuhuri mpaka alasiri bila kumeza mate.

Mimi niliitwa siku hiyo hiyo, kwa jambo jingine. Rehema, mke wa Shabani, dera lake jipya lilikuwa limenasa kwenye skrubu ya mkanda wa mlango wa mama, likachanika. Mkanda wenyewe umeanza kucheza. Wananiambia wageni wanakuja, fundi Tatu njoo utubanie huo mkanda upesi, usituaibishe. Nikapanda ngazi na kapu langu la vifaa, nikavua viatu nje kama ada, nikaingia. Sebuleni mikeka imetandikwa, ubani unafuka, Mzee Salumu ameshakaa anasafisha koo. Nikasalimia, nikapita pembeni, nikapiga magoti mlangoni kwa Bi Kidawa. Mlango ulikuwa umesindikwa tu.

Hapo ndipo nilipouona ule uchafu. Lamineti juu ya sponji, sponji juu ya vigae. Chumbani zulia limelala kwenye sementi tupu. Sebule imekuwa juu ya chumba kwa vidole viwili, na yule kijana wa bei nzuri amepachika mkanda wake wima pale pale kama ngazi ya kuku. Ukitoka chumbani, kidole cha mguu kinakutana na chuma kabla hakijakutana na sebule. Nikasonya. Nikausukuma mlango kidogo nione kwa ndani.

Mkitaka kujua habari za watu, vijana, lazeni mashavu kwenye zulia lao. Zulia jipya manyoya yake yamesimama. Anayeinua miguu anaacha alama moja hapa, moja kule. Kwenye zulia la Bi Kidawa hapakuwa na alama za nyayo. Palikuwa na njia mbili, kama za mkokoteni, zimetoka kitandani zimenyooka mpaka mlangoni. Zikafika hatua moja kabla ya mkanda. Hapo zikazunguka, zikarudi kitandani. Na pale zilipozungukia manyoya yalikuwa yamelala kabisa, yamechoka, kwa kuzungukiwa mara nyingi.

Yule mama alikuwa hainui miguu tena. Anaiburuza. Kwenye vigae vya zamani aliteleza nayo mpaka kitini kwake na hakuna aliyegundua, maana kanga zilikuwa zinafunika. Mkanda ulipowekwa, safari ikaishia pale. Na alikuwa amejaribu, mmeelewa? Kila siku alikuwa anakuja mpaka pale.

Nikainua macho. Amekaa kitandani ananitazama, amejifunga kanga zake vizuri, macho makavu. Nikamwambia shikamoo mama. Akaitikia marahaba, akaniuliza natafuta nini na shavu langu kwenye zulia lake. Sasa ningemwambia nini? Mama kama yule ukimwambia nimeona miguu yako, umemuua. Nikamwambia natafuta jino.

"Jino la nani?"

"Langu. Mkanda huu umenikwaza sasa hivi naingia, nusura niliache hapa."

Nilikuwa muongo mkavu. Akautazama mkanda, akanitazama mimi. Nilikuwa na nguvu zangu wakati ule, mapaja kama vinu.

"Wewe," akasema taratibu, "wewe nawe unakukwaza?"

"Mama, huu mkanda unamkwaza hata askari. Aliyeuweka alaaniwe na magoti yake yote mawili. Nautoa."

Hakusema asante wala nini. Alivuta tu miguu yake ndani ya kanga, akasema fanya kazi yako basi, mbona unaongea sana. Nikajua tumeelewana.

Nikauondoa mkanda. Nikalikunja zulia kutoka mlangoni kuelekea ndani, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Nikachukua ubao, nikautia randa mpaka upande mmoja ukawa mwembamba kama ukucha na upande wa mlangoni ukalingana na lamineti. Hicho kinaitwa mteremko, na hakuna mkanda wa dukani unaoweza kuifanya kazi yake, hata uwe wa dhahabu. Mguu wa mtu hauombi ngazi, unaomba kupandishwa bila kuambiwa. Nikaubana ubao kwenye sementi, nikaweka sponji nyembamba juu, nikarudisha zulia, nikalipiga goti.

Wakati huo huku nyuma Mzee Salumu ameanza kusuluhisha. Kila akifika penye utamu, drili yangu inaunguruma. Ananyamaza, ananitazama kisogo, anaanza tena. Alisema mzazi hasusi bila sababu, kwa hiyo kila mmoja aseme alichomkosea, kwa sauti, ili mama asikie huko aliko na roho yake ilainike.

Basi wakaanza. Shabani akasema yeye ndiye mkosaji, mama amekasirika kwa sababu ya samadari. Samadari ni kile kitanda cha kale cha nguzo, aliolewa nacho Bi Kidawa. Walipohamia ghorofani Shabani alimwambia mama kipo stoo Kigamboni. Sasa akakiri, huku anafuta jasho, kwamba hakikufika Kigamboni; alimuuzia mtu wa vitu vya kale.

Nikasikia kitanda nyuma yangu kinalia. Bi Kidawa alikuwa amesogea ukingoni.

"Samadari yangu imeuzwa?" akaninong'oneza.

Nikamwambia mama, punguza sauti, wanadhani unajua.

Rehema naye akafuata na kilio, akasema mama amemchukia yeye, kwa sababu ya ile doti ya kanga ya sanduku la mama aliyompa shoga yake akidhani haitatafutwa. Halafu Mzee Salumu mwenyewe, ili aonyeshe mfano, akashusha pumzi akasema hata yeye ana la kuungama. Ile redio ya dada iliyosemekana imeibwa na wapangaji, aliichukua yeye, iko kwake, na bado inashika stesheni zote.

Bi Kidawa alikuwa anatingishika mabega. Nikadhani analia, nikageuka. Anacheka. Amejiziba mdomo kwa kanga, machozi yanamtoka.

"Fundi," akasema, "mimi nilikuwa sijasusa. Sasa ndiyo wamenipa sababu."

Nikamwambia basi asusie sebuleni, kuna hewa. Nikaweka mkanda mpya, mpana, bapa, nikazizamisha skrubu mpaka vichwa vikalala chini ya uso wa chuma, dera la mtu lisinase tena. Nikapitisha kiganja. Nikasimama, nikafumba macho, nikapita mlangoni kwa kuburuza nyayo, kutoka chumbani kwenda sebuleni, kama mtu anayesukuma mchanga. Mzee Salumu akanyamaza akaniangalia. Nadhani alifikiri nimepandisha shetani. Nikarudi ndani nikamwambia Bi Kidawa, bila kumtazama miguu, kwamba pameiva.

Hakutoka mara moja. Alijitanda ushungi. Akajipaka udi wake kidogo mkononi. Akakaa, mpaka nikaanza kuogopa. Mimi naokota vibanzi vya mbao ambavyo nilikuwa nimeshaviokota. Halafu akaja, shika kitanda, shika kabati, shika ukuta, akapita zile njia mbili za kwenye zulia, akafika pale zilipokuwa zinazunguka. Akasimama. Nami nikashika fremu ya mlango kwa nje, mkono wangu uwe karibu naye bila kuonekana kwamba uko karibu. Hakunishika. Akasukuma mguu wa kulia. Ukapanda ule mteremko wenyewe, ukateleza juu ya chuma, ukafika kwenye lamineti. Akausukuma wa kushoto.

Sebule nzima ikasimama. Shabani analia wazi wazi, mwanaume na ndevu zake. Bi Kidawa akaenda taratibu mpaka kitini pake, akakaa, akatengeneza kanga.

"Nimesikia yote," akasema. "Nimewasamehe."

Hapo Mzee Salumu akainua mikono akashukuru, akasema mnaona, maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Watu wakampa mikono kama bwana harusi. Nasikia mpaka leo anaitwa mpaka Temeke kusuluhisha ndoa, na hiyo ya dada yake ndiyo anayoitolea mfano kwanza. Sikumharibia. Mimi niliulizwa tu kama mkanda hautacheza tena. Nikasema hauchezi.

Rehema akaleta chai na vitumbua. Bi Kidawa akanywa funda moja, akasema amesahau miwani. Rehema akainuka amchukulie. Akamkatalia, akasema kaa. Akainuka mwenyewe, akaenda, akapita mlangoni, akarudi na miwani. Akakaa kidogo. Akasema amesahau tasbihi. Akaenda, akarudi. Kidogo akasema kuna mafuta ya mkono ameyaacha. Shabani akasema mama tuambie tukuletee, akamjibu mafuta yangu utayajuaje. Akaenda. Mara hii alikawia kule ndani, tukamsikia anaimba polepole, akatoka hana mafuta wala nini, akakaa, akainuka tena.

Mzee Salumu akanisogelea pale nilipokuwa nafunga kapu langu. Uso wake ulikuwa umeingia huzuni upya.

"Masikini dada yangu," akaninong'oneza. "Roho imerudi, lakini naona ameanza kusahau."

"Mwacheni asahau," nikamwambia.